Kutema na Kutemea

Ilianza Jumamosi, tarehe mbili mwezi wa nane, saa kumi na moja kasorobo alfajiri, nje ya kanisa letu la Handsworth, Birmingham. Basi la kukodi lilikuwa limeshawashwa. Mama Shemasi alisimama kwenye ngazi yake akituhesabu kwa kidole kama mtu anayehesabu mayai, na kila akifika mwisho alianza tena kwa sababu kuna aliyeteremka kwenda chooni. Tulikuwa tunakwenda kisiwani. Jina lake la kweli ni Kisiwa cha Wight, lakini kinamama wa kanisa walilisikia kama lile neno la Kiingereza la rangi, wakakiita Kisiwa Cheupe, na hakuna aliyethubutu kuwasahihisha.

Kisiwa hicho kinasifika kwa mashamba ya mizabibu na kwa watu wasio na haraka. Kinamama wengine walitaka kuona bahari. Mama Shemasi alitaka mzabibu. Alisema ameandaa meza ya Bwana miaka yote hii, kila mwezi anasikia mzabibu unasomwa, na hajawahi kuuona hata mmoja.

Mimi nilitaka kitu kingine. Jumatatu nafanyiwa upasuaji wa mgongo, na nilitaka Mama Shemasi anitemee mate kabla sijaenda.

Najua inavyosikika. Ndiyo maana sijamwambia mtu yeyote shuleni, na ndiyo maana naandika kwa Kiswahili, kwa sababu mdogo wangu anakisikia lakini hawezi kukisoma, na yeye ndiye mpekuzi mkuu wa nyumba yetu. Naandika leo Jumapili, mchana. Begi la hospitali liko mlangoni. Nikianza na mate tu, atakayesoma atadhani Mama Shemasi ni mtu wa ajabu, na kweli ni wa ajabu, ila si kwa sababu hiyo.

Sijui alizaliwa kijiji gani. Karatasi zake za ukimbizi zinasema tarehe moja Januari, kama karatasi za wazee wote wa kanisani kwetu, hata siku hiyo huwa tunawaimbia heri ya kuzaliwa kwa jumla. Ukimuuliza ana miaka mingapi atakwambia sitini na mmoja. Aliniambia hivyo nilipokuwa darasa la nne, akaniambia hivyo tena Krismasi iliyopita. Na huyu ndiye mtu ambaye hasemi uongo. Aliwahi kumfuata muuza duka wa Soho Road mpaka nje ya duka lake kumwambia kwamba jana, alipomwambia mihogo yake ni mizuri, hakuwa anasema kweli, mihogo ilikuwa na nyuzi.

Hatembei, anawahi. Anasafisha ofisi upande wa Edgbaston kabla wenye ofisi hawajaamka, kisha sokoni, kisha kwa mgonjwa yeyote aliyepo, kisha kanisani. Anavuka Soho Road popote anapotaka kwa kuinua mkono mmoja, bila kutazama, na magari yanasimama. Ukimsimulia jambo, anakukatiza. "Na kisha?" Unamwambia ulianguka kwenye ngazi. "Na kisha?" Unamwambia mwalimu kakusifu. "Na kisha?" Mama yangu anasema kuzungumza naye ni kama kufukuzwa na mbwa mwenye upendo.

Mimi nimemjua kwa sababu ya mdomo wangu, jambo la kuchekesha, maana mdomo wangu sina matumizi nao mengi. Darasani sinyooshi mkono. Kanisani sijawahi kusema kitu zaidi ya amina, na hiyo naisema pamoja na wengine. Lakini tangu nikiwa mdogo mimi ndiye ninayemfasiria Mama Shemasi. Kwa daktari, duka la simu, ofisi ya nyumba. Maneno ya mtu mwingine sina shida kuyasema. Yakishakuwa yake, yanatoka kinywani mwangu bila kukwama, hata yale makali. Niliwahi kumwambia bwana mmoja wa ofisi ya nyumba, nikiwa na miaka kumi na sare ya shule, kwamba ukuta wenye kuvu asingeuvumilia kwenye nyumba ya mama yake mzazi. Yule bwana alinitazama mimi, si yeye. Tulipotoka Mama Shemasi akaninunulia soseji roli na kusema nimefasiri vizuri, ila niliacha ile sehemu kuhusu shangazi wa yule bwana.

Kitu kimoja hakikubali: kuitikia kwa kichwa. Mimi ni mtu wa kuitikia kwa kichwa. Yeye husimama hapohapo, hata mvua ikinyesha, mpaka nifungue mdomo.

Watu wengi wanamjua kwa meza. Jumapili ya kwanza ya mwezi, meza ya Bwana ni yake. Kitambaa cheupe anakipiga pasi nyumbani, anajaza maji mdomoni na kuyapuliza juu ya kitambaa, fruuu, yanashuka kama umande. Mke wa mchungaji alimletea chupa ya kunyunyizia. Alishukuru sana, akaiweka dirishani na kumwagilia nayo maua. Divai yetu si divai, ni juisi ya chupa, ile ya matunda meusi inayochanganywa na maji, lakini ole wako uiite juisi mbele yake. Anaimimina kwenye vile vikombe vidogo bila tone moja kupotea, na anapopita na sinia haharakishi. Hapo tu. Wiki nzima anakimbia ili apate kwenda polepole dakika zile.

Pombe yenyewe hajawahi kuionja. Bahati nasibu ni dhambi, kutoboa pua ni dhambi, suruali iliyochanika magotini ni umaskini wa kununua. Lakini kriketi anaipenda. Sheria zake hazijui hata moja. Akitoka kazini siku ya mchezo, husimama nje ya uwanja pale Edgbaston, mahali ambapo wakifungua lango unaweza kuchungulia kidogo, kwa sababu anasema hajawahi kuona wanaume wazima wengi hivyo waliovaa nguo nyeupe kama wanakwenda kubatizwa na wakakaa siku nzima bila kugombana.

Sasa mate.

Kwao, mzee akitaka kukubariki hakuombei tu kwa maneno. Anakishika kichwa chako kwa mikono miwili, anavuta pumzi, na kukutemea kwenye paji la uso, pfu, pumzi nyingi na mate kidogo sana, kama ukungu. Halafu anataja jina lako na kusema, "Uende, urudi." Basi. Mama Shemasi aliwafanyia hivyo watoto wote wa kanisa. Siku ya kwanza ya shule tulipanga mstari nje ya mlango wake kabla ya basi. Kaka mmoja aliyefeli mtihani wa udereva mara kadhaa alikwenda kutemewa, akafaulu, na hata leo hataki kuzungumzia jambo hilo. Mimi nilikuwa mwenye kutetemeka kuliko wote, na mimi ndiye niliyekuwa nikishikwa muda mrefu kuliko wote. Baada ya pale niliweza kuingia darasani. Sijui kwa nini. Nasema ilivyokuwa tu.

Ikaja korona, na kila kitu cha mdomo kikapigwa marufuku, na sote tulielewa. Lakini korona ilipopita, mchungaji wetu akafundisha kwamba mate ni mila ya mababu, na shemasi hawezi kutemea watu na papo hapo kushika kikombe cha Bwana. Mchungaji wetu ni kijana, amesoma chuo cha Biblia, na akiwa na wasiwasi Kifaransa kinamtoka katikati ya Kiswahili. Siku ile kilimtoka sana. Hakuwa mkali. Alimwomba Mama Shemasi achague. Naye akasimama mbele yetu sote akasema amekubali, hatamtemea mtu tena, na siku akifanya hivyo ataiacha meza mwenyewe, hatasubiri kuambiwa.

Kwa hiyo nilijua. Nikimwomba na akakubali, namnyang'anya meza. Nikinyamaza, Jumatatu naingia vile nilivyo.

Mgongo wangu umepinda kama herufi S. Madaktari wataufungua na kuufunga vyuma ili usimame wima. Siku ya kuelezwa, hospitali hawakutaka mimi nimfasirie mama, wakapiga simu kwa mfasiri, mwanamke wa pwani mwenye sauti nzuri sana. Alisema nitalazwa kwa nusu kaputi. Mama akaitikia kwa heshima, na tulipofika kwenye lifti akaniuliza: nusu ya nini? Nikamwambia ni usingizi wa dawa. Akataka kujua nusu ya pili iko wapi. Tulicheka mpaka chini, kisha kwenye maegesho akaanza kulia, nami nikajifanya natafuta tiketi ya gari. Tangu siku hiyo kila mmoja wetu anamwambia mwenzake kwamba haogopi.

Mchungaji ameniombea. Aliweka mkono kichwani pangu mbele ya kanisa, kwa maikrofoni, na maneno yalikuwa mazuri. Nilisema amina na niliimaanisha. Lakini nilipokwenda kukaa nilikuwa natetemeka vilevile.

Basi, kisiwa. Kwenye feri Mama Shemasi hakukaa. Alitembea kutoka mbele hadi nyuma kana kwamba anaisukuma. Majabali ya pwani yalipoonekana kwa mbali, meupe kabisa, kinamama wakanitazama mimi, msomi wao, kama kusema unaona sasa jina. Ng'ambo, barabara zilikuwa nyembamba zenye nyasi pande zote. Tulikwama nyuma ya trekta muda mrefu na hakuna gari lililopiga honi. Dereva wetu, mtu wa Handsworth, mkono wake ulikuwa juu ya honi njia nzima kama mtu anayewashwa. Tulikuta duka la chai limefungwa kwa sababu wenyewe wamekwenda kula. Mama Shemasi akaniuliza kama kisiwa kina msiba.

Shamba lilikuwa kwenye mteremko, bahari inaonekana chini. Alishuka wa kwanza, akavaa miwani, akatazama. Mistari na mistari ya mimea iliyotambaa kwenye waya, haimfiki kimo.

"Mizabibu iko wapi?"

Nikamwambia ndiyo hiyo.

"Hii? Hii iko maharagi."

Kichwani mwake, miaka yote, mzabibu ulikuwa mti mkubwa wenye kivuli, na zabibu zilikuwa zile kavu za kwenye keki. Alichuma punje moja ya kijani, ngumu, akaitafuna, uso wake wote ukakusanyika katikati. Hakuitema. Aliimeza, kwa sababu imeandikwa. Mama yangu alicheka hadi akashika waya.

Mwenyeji, msichana mwenye buti za matope, akatuingiza kwenye chumba cha kuonjea. Kinamama walikuwa wameahidiwa juisi ya tufaha. Kulikuwa na kundi jingine, Waingereza watu wazima, wamelizunguka pipa. Mmoja wao akainua glasi, akainusa, akafumba macho. Akanywa kidogo. Akakaa kimya, mashavu yanacheza. Kisha akainama na kutema kwenye ndoo ya chuma. Wa pili naye vivyo hivyo. Wote kwa utaratibu, hakuna anayecheka.

Mama Shemasi alinishika mkono. Nilisikia vidole vyake vikikaza.

"Bale bazungu," akasema polepole, "banatemea nini?"

Kabla sijajibu alikuwa ameshainamisha kichwa. Alibaki hivyo, mikono imekunjwa juu ya mkoba, mpaka wa mwisho wao alipotema. Kisha akasema kwa sauti, "Amina." Yule bwana wa kwanza aligeuka, akamwona mama wa kitenge ameinama mbele ya ndoo yao, na kwa sababu ni mtu mwenye adabu akainua glasi na kuinamisha kichwa naye.

Kinamama walikuwa hawajiwezi tena. Mmoja alitoka nje. Mimi ndiye niliyebaki kumweleza kwamba wanaonja tu, wanataka kujua ladha, na wanatema ili wasilewe, maana bado kuna chupa nyingine. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si la kawaida.

"Ha. Banatema tu."

"Ndiyo, Mama Shemasi. Wanatema tu."

Hakucheka. Alikunywa juisi yake ya tufaha akiwa amesimama, akarudisha glasi, akashukuru, akatoka. Nilipomfuata nilimkuta kwenye benchi mwisho wa mistari ya mizabibu. Ameketi. Mkoba uko chini. Sikuwahi kumwona ameketi bila kitu mkononi, hata kanisani hushika kitambaa. Nikakaa pembeni yake. Huko chini meli ndogo zilikuwa hazifanyi lolote. Tulikaa muda mrefu, na sikusikia "na kisha" hata moja.

Halafu akasema, "Pengine Mchungaji alifikiri minatema."

Nikamgeukia.

"Kutema ni kutupa. Kitu hukitaki, unakitupa. Miye sikutemaka mutu. Nilitemeaka." Akapapasa goti lake. "Ile ya mwisho, ile e na a, iko kubwa. Angekuwa na nafasi ningemueleza."

Nikamwambia angeweza kumweleza bado. Akasema labda, lakini ahadi ni ahadi, hata kama mtu hajui herufi. Kisha akageuka na kunitazama mgongo, si uso, mgongo wenyewe, waziwazi, kama fundi. Watu hawautazami hivyo. Wanautazama na kukimbiza macho.

"Unaogopa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akangoja.

"Naogopa," nikasema.

"Unaogopa nini?"

Nikamwambia kwamba naogopa kulazwa na nisiamke, na kwamba naogopa kuamka na miguu isinisikie, na kwamba mama anajua yote mawili na hatuyasemi. Yalitoka yote kwa Kiswahili, na nusu yake sikujua kwamba maneno yake ninayo.

"Na unataka nini?"

Hapo ndipo nilipokaa na lile jambo zima mapajani. Kesho ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi. Kitambaa kilikuwa kimeshapigwa pasi, nilikiona kimening'inia mlangoni kwake alfajiri nilipokwenda kumbebea mkoba. Ningeweza kusema sitaki kitu. Angejua ni uongo, lakini angeweza kuuchukua na kubaki na meza yake.

"Nataka unitemee," nikasema.

"Unajua kesho sitashika meza."

"Najua."

"Na unataka?"

"Ndiyo."

Nilidhani atanikemea. Alivua miwani, akaipangusa na ncha ya kitenge.

"Yee. Meza haipasuliwe mugongo," akasema.

Akanishika kichwa kwa mikono miwili. Mikono yake ilinukia sabuni ya kazini na ile zabibu chungu. Alivuta pumzi, akakawia, na ikaja, pfu, baridi kidogo kwa sababu ya upepo wa bahari. Akataja jina langu lote, hata lile la bibi yangu ambalo shuleni hawalijui. "Uende, urudi." Kisha, kitu ambacho hakuwahi kukisema zamani, akasema tena, "Urudi."

Kwenye basi la kurudi alikaa mbele na kumwambia dereva apite wapi. Mama alinitazama, akatazama paji langu la uso, akajua. Alichukua mkono wangu akauweka kwenye mfuko wa koti lake pamoja na wake, na mahali fulani kabla ya Birmingham akaniambia kwamba anaogopa sana. Nikamwambia na mimi.

Asubuhi iliyofuata tulifika kanisani mapema. Mama Shemasi alikuwa ameshatandika kitambaa na kupanga vikombe vitupu. Kisha akaenda kumngoja mchungaji mlangoni. Sikusikia walichosema. Nilimwona yeye akisema kwa kifupi, na mchungaji akitazama viatu vyake, na akianza kusema kitu na kukiacha, na mara moja akigeuza macho na kunitafuta katikati ya viti. Kisha akamshika Mama Shemasi mikono yote miwili, kama mtu anayempa pole. Shemasi mwingine, mama mdogo, ndiye aliyeitwa kwenda kufungua chupa.

Mama Shemasi akashuka katikati ya kanisa. Watu waliona, na waliokuwa hawajaona wakaambiwa. Alifika kwenye mistari ya viti akasimama, kwa sababu hana kiti. Miaka yote mahali pake palikuwa kule mbele. Kila mmoja aliangalia kitabu chake cha nyimbo.

Nikasogea. Nikampiga kumbo mdogo wangu naye akasogea. Kisha nikasema, na kanisa lilikuwa kimya kiasi kwamba hata walio kwenye kwaya waligeuka:

"Mama Shemasi, njoo ukae hapa na sisi."

Akaja, akakaa, akaweka mkoba chini. Sinia lilipotufikia alichukua kikombe kama mgeni, akainamisha kichwa, akanywa. Alikaa kidogo na macho yamefumbwa. Halafu akaniinamia sikioni na kusema kwamba aliyechanganya amezidisha maji. Nikacheka kimyakimya mpaka mgongo ukaniuma.